Mgonjwa kaamkaje? Siku 38 na taarifa za Vatican (naipa nyota 4 kati ya 5)

Watu wanaandika rivyu za simu, za hoteli, za mabasi ya mikoani, mimi naomba niandike ya huduma ambayo sikulipia chochote zaidi ya bando. Naongelea zile taarifa za ugonjwa wa Baba Mtakatifu Francisko mwaka 2025, zilizokuwa zinatolewa na Ofisi ya Habari ya Vatican na sisi huku tukizifuata kwenye Vatican News ya Kiswahili pamoja na laivu za rozari. Nilizitumia tangu 14 Februari alipolazwa hospitali ya Gemelli kule Roma mpaka 23 Machi aliporuhusiwa, siku 38, halafu nikaendelea hadi ile Jumatatu ya Pasaka.

Kwa nini kila siku? Kwa sababu ya mama. Naishi na mama yangu, ana miaka 81, ni WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki Tanzania, tangu mimi mdogo, na yeye mwenyewe kifua kinamsumbua kila hali ya hewa ikibadilika. Sasa kwetu, nyumba ikiwa na mgonjwa huwezi kupita ukasalimia habari za asubuhi ukaondoka, lazima uulize mgonjwa kaamkaje, na ukijibiwa kaamka salama unashukuru Mungu ndo unaendelea na safari yako. Basi tangu aliposikia Papa kalazwa, mama kila asubuhi kabla hata ya chai ananiita, "Wewe, Papa kaamkaje?" yani anauliza kama vile Papa kalala chumba cha pili pale, na mimi ndo mwenye simu kwa hiyo jibu linatakiwa litoke kwangu.

Na hapo ndo huduma hii ilinigusa, maana ilikuwa inajibu swali hilohilo. Kila asubuhi ilitoka sentensi moja au mbili tu, usiku umepita kwa utulivu, Papa amepumzika vizuri, siku nyingine wanaongeza ameamka na kupata kifungua kinywa akiwa amekaa kwenye kiti. Kwa saa zetu ilikuwa inaingia kama saa nne asubuhi. Jioni ndo inakuja ile ndefu ya madaktari. Niliona watu wengi kwenye komenti wanalalamika sentensi moja inatosha nini, wanataka vipimo, wanataka namba. Nadhani hao hawajauguza mtu. Ukiwa unauguza, neno kalala tu linakutosha kukusogeza mpaka jioni.

Kitu cha pili nilichokipenda ni ukweli. Warumi wana msemo wa siku nyingi kwamba Papa haugui mpaka siku anapokufa, maana yake zamani ugonjwa wa Papa ulikuwa unafichwa fichwa mpaka watu wanashtukia kengele za msiba. Safari hii haikuwa hivyo. Walianza kwa kusema ni mkamba, baada ya siku chache wakasema maambukizi kwenye njia ya hewa ni ya vijidudu vya aina nyingi kwa pamoja, 18 Februari wakasema nimonia imeshika mapafu yote mawili, na huyu ni mzee wa miaka 88 aliyekwisha kukatwa sehemu ya pafu akiwa kijana. 21 Februari Daktari Sergio Alfieri aliyekuwa anaongoza timu pale Gemelli akakaa mbele ya waandishi wa habari, akaulizwa je Papa yuko nje ya hatari, akajibu hapana. Hapana kavu. Na kesho yake, Jumamosi ya tarehe 22, ikatoka taarifa nzito kuliko zote, kwamba amepata shambulio la kupumua kama la mtu wa pumu na limechukua muda mrefu, amewekewa oksijeni nyingi, ameongezewa damu. Jumapili wakataja figo nazo zimeanza kuyumba kidogo. Nilimsomea mama taratibu, akaniambia rudia, nikarudia, akanyamaza, akachukua rozari yake akaingia ndani. Baadaye tulikuja kujua kutoka kwa huyohuyo Daktari Alfieri kwamba Papa mwenyewe tangu siku ya kwanza alitaka watu waambiwe ukweli juu ya hali yake. Kwa hilo tu namheshimu sana, maana najua familia ngapi zinaficha ugonjwa wa mzee mpaka ndugu wanakuja kwenye msiba hawajui hata alikuwa anaumwa nini.

Sasa hasara yake. Kwa zaidi ya mwezi mzima hakukuwa na picha hata moja. Naelewa, mgonjwa ana haki ya kutopigwa picha, mimi pia nisingekubali mama yangu apigwe akiwa na mipira puani. Lakini pengo lile walilijaza waongo. Zilizagaa picha zilizotengenezwa na akili mnemba, Papa kitandani na mashine usoni, na watu wazima wenye akili zao wanazishea na kuandika amina. Kwenye grupu la wasap la jumuiya yetu mtu mmoja alileta usiku ujumbe kwamba Baba Mtakatifu ametutoka, tuwaarifu wengine, na mama akaambiwa na jirani kabla mimi sijashika simu. Alilia. Nilihangaika kufungua intaneti inazunguka tu, mpaka nikaipata ile taarifa ya jioni imeandikwa hali yake bado ni mbaya ila yupo macho na anajitambua. Nikamwonyesha mama maandishi ingawa miwani yake ilikuwa mbali, akashika simu kwa mikono miwili. Tangu siku ile nyumbani kwetu tukawekeana sheria, habari ya Papa isipotoka Vatican haiingii hapa ndani.

Ile picha ya kwanza ilitoka Jumapili 16 Machi. Alipigwa kwa nyuma, amekaa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya altare kwenye kikanisa cha hospitali, ghorofa ya kumi, stola, kile kitambaa kirefu cha kipadre, ya zambarau mabegani. Uso hauonekani vizuri. Wengine wakaanza ooh kwa nini kwa nyuma, kuna kitu wanaficha. Mama alisema anasali, mtu akisali si unamwona kwa nyuma, na mimi sikuwa na la kuongeza. Siku hiyohiyo watoto walikuja na maputo chini ya madirisha ya Gemelli, na kwenye ujumbe wake wa sala ya Malaika wa Bwana ya Jumapili Papa akawashukuru. Pale nje kuna sanamu kubwa ya Yohane Paulo II, na kwa wiki zile zote chini yake palijaa mishumaa, maua, michoro ya watoto, barua. Hizo video nilikuwa naziangalia mpaka bando linaisha.

Upande wa laivu za rozari naomba nikae kidogo maana ndo sehemu bora ya huduma nzima. Zilianza 24 Februari, Kardinali Pietro Parolin, Katibu wa Vatican na msaidizi mkuu wa Papa, akaongoza usiku wa kwanza, Uwanja wa Mtakatifu Petro, saa tatu usiku ya kule, huku ni saa tano. Saa tano usiku kwa bibi wa miaka 81! Nilidhani atasinzia fungu la kwanza. Alikaa mpaka mwisho amejifunika kitenge mabegani, wenzake kule Roma wamevaa makoti mazito, makardinali wazee wamekaa kwenye viti na baridi, masista, mapadre, wanafunzi, watalii waliokuwa wanapita tu wakasimama. Kule kwao Papa, Buenos Aires nchini Argentina, nako siku hiyohiyo walikuwa na Misa ya hadhara kwenye Plaza Constitución, mahali ambapo yeye mwenyewe alipokuwa askofu mkuu alikuwa akiwasalia maskini. Imamu Mkuu wa Al-Azhar kule Misri, Sheikh Ahmed el-Tayeb, naye alituma dua akimwita ndugu yake. Hilo nilimsimulia jirani yetu, mama wa Kiislamu ambaye kila akipita kwenda sokoni alikuwa anauliza mzee wenu kaamkaje, akafurahi akasema nasi tunamwombea, mgonjwa hana dini.

Halafu ikaja ile 6 Machi. Kabla rozari haijaanza wakasema kuna ujumbe wa sauti. Uwanja ukanyamaza. Ikasikika sauti ya Papa kwa Kihispania, nyembamba, inakatika, anavuta hewa kila baada ya maneno mawili matatu, anashukuru kwa moyo wote kwa sala za watu pale uwanjani na anasema anawasindikiza akiwa kulekule aliko. Sekunde chache tu zile. Watu wakapiga makofi, na mama ambaye Kihispania hajui hata neno akasema huyo ni yeye, nimemjua kwa anavyopumua. Mimi nasema kama kuna kitu kilichoua uzushi wote wa wasap ni ile sauti. Wangeweza kuitengeneza iwe safi, hawakufanya hivyo, walimwacha asikike jinsi alivyo.

Lugha sasa. Habari kubwa zote nilizikuta kwa Kiswahili na Kiswahili chenyewe kizuri cha kikanisa, ila taarifa za madaktari zilikuwa na maneno magumu na ningetamani kuwe na mistari miwili chini ya kueleza kwa lugha ya nyumbani. Mfano madaktari walikuwa wanarudia rudia kwamba hawatoi utabiri juu ya mgonjwa, watu wengi wakaelewa ndo wamekata tamaa, kumbe maana yake hatari bado haijapita na hawataki kusema itakuwaje. 10 Machi walipoondoa hilo neno ilikuwa habari njema kubwa sana lakini grupu zima hakuna aliyeelewa mpaka mtoto wa katekista anayesomea uuguzi akatueleza kwa voisi noti.

Kitu kingine kiliniuma, ila hiki si kosa la Vatican. Mtu bado anapumua kwa oksijeni na huku mitandaoni watu wanapanga nani atamrithi, wanaweka picha za makardinali kama timu za mpira, wengine wanasema ajiuzulu. Kwetu ukimsikia mtu anaulizia shamba la mgonjwa ambaye bado yuko kitandani unamfukuza. Kardinali Parolin aliziita hizo porojo zisizo na faida na nilimshukuru.

23 Machi alitoka. Baraza la hospitali, Jumapili mchana, akainua dole gumba, akachukua maikrofoni, na katika maneno yake machache sana akamtaja mama mmoja kwenye umati aliyeshika maua ya njano, akasema huyu ni hodari. Uso umevimba kidogo, sauti haipandi. Tulikuja kusikia baadaye kwamba usiku wa 28 Februari, alipobanwa kifua na kupaliwa na matapishi, madaktari ilibidi waamue wamwache aende au wajaribu kila kitu, na muuguzi wake Massimiliano Strappetti akawaambia wajaribu, wasikate tamaa. Siku zile tulikuwa tunasoma taarifa tu hatujui tumekaribia kiasi gani.

Baada ya hapo huduma ilipungua, na nyota moja niliyoitoa ni ya hapa pamoja na ule mwezi bila picha. Taarifa za kila asubuhi zikaisha kwa sababu amerudi nyumbani Casa Santa Marta na madaktari wamempa miezi miwili ya kupumzika. Ni kweli mgonjwa akiruhusiwa watu wanapunguza kuja, lakini mama hakupunguza kuuliza, ikawa mimi sina cha kumjibu. Nikawa namwambia yupo tu anapumzika. 6 Aprili akatokea ghafla uwanjani kwenye Jubilei ya wagonjwa, Alhamisi Kuu akaenda gereza la Regina Coeli, na Pasaka tarehe 20 tukamwona kwenye baraza la Basilika anasema Pasaka njema kwa ile sauti, kisha akashuka akazungushwa na gari katikati ya watu, watoto wananyanyuliwa awabariki. Mama alipiga vigelegele sebuleni, kifua chake na vyote, mpaka akaanza kukohoa nikamletea maji.

Jumatatu asubuhi akaniuliza kama kawaida Papa kaamkaje. Nilikuwa nawasha jiko, nikamjibu bila kuangalia simu, kaamka vizuri mama, jana si umemwona mwenyewe. Ilikuwa kama saa mbili na nusu. Saa nne na dakika 47 Kardinali Kevin Farrell, yule anayesimamia mambo Papa akifariki, akatangaza akiwa Casa Santa Marta kwamba Baba Mtakatifu amerudi nyumbani kwa Baba saa 1:35 asubuhi ya Roma, ambayo huku ni saa 2:35. Safari hii sikuhitaji kuhakiki, ilikuwa kwenye ukurasa wao wenyewe, sentensi chache kama zilezile za asubuhi.

Nilimsomea mara moja tu. Hakuniambia nirudie. Akaomba kitenge chake, akakaa palepale alipokuwa anakaa usiku wa laivu, akaanza rozari peke yake, saa tano kasoro asubuhi, na jirani yetu akapita akatukuta, akavua ndala mlangoni akaingia akakaa naye.