Risasi isiyo na risasi: misimu minne ya kuwinda kulungu na .308 yangu

Kilichonifanya nibadilishe risasi hakikutoka porini, kilitoka kwenye sambusa.

Ilikuwa Idi, nyumba imejaa wageni, binti yangu wa miaka sita akaja jikoni na kitu kwenye kiganja. "Baba, nimetafuna kijiwe." Kilikuwa cha kijivu, kidogo kama punje ya ulezi. Nikakibonyeza kwa ukucha, kikaingia alama. Kijiwe hakiingii alama ya ukucha. Kile kilikuwa kipande cha risasi, na nyama ya zile sambusa niliipiga, nikaichuna na kuisaga mimi mwenyewe.

Basi haya ni maoni yangu kuhusu aina tatu za risasi nilizotumia kwa bunduki moja, misimu minne. Mimi si mtaalamu wa silaha. Ni mtu wa Handeni ninayeishi Minnesota, Marekani, na kila Novemba najaza friza kwa sababu nyama ya halali dukani ni ghali, na kulungu huku ni wengi mpaka wanaingia kula maua ya majirani.

(Namwita kulungu kwa kukosa jina. Kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine kabisa. Huyu wa huku dume wake hudondosha pembe kila mwaka zikaota upya, na akishtuka husimamisha mkia mweupe kama leso. Vitabuni kuna neno ayala, lakini sijamsikia mtu mwenye njaa akilitamka.)

Babu yangu alikuwa na gobore. Alishindilia baruti, akaweka kitambaa, akamalizia na vipande vya nondo. Habari ya kuchagua risasi haikuwepo, ulipiga kwa kilichopatikana. Kwa hiyo siku niliyoingia duka la silaha la huku nikakuta ukuta mzima wa maboksi, nilisimama kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Nikanyoosha mkono kwenye boksi la bei ya chini kuliko yote. Muuzaji akanizuia. Zile zilikuwa za kulengea shabaha tu, kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, kimefunikwa gamba la shaba mpaka nchani. Kichwa cha namna hiyo hakichanui (hakifunguki kikigonga), kinapita ndani ya mnyama kama sindano ya kushonea magunia, naye anaondoka na tundu dogo akafie mbali usikokujua. Sheria ya Minnesota yenyewe inataka risasi ya kulungu iwe ya ncha laini au ya kuchanua. Niliyajifunza hayo kwenye kozi ya usalama wa silaha, maana huku aliyezaliwa baada ya 1979 hapati leseni ya kuwinda bila cheti hicho, lakini mbele ya bei niliyasahau.

Bunduki yangu ni ya kukoki kwa mkono, .308 Winchester, ya mtumba. Kaliba hii, yaani saizi ya risasi na mtutu wake, ipo sokoni tangu 1952 na risasi zake hazikosekani. Wapo wanaoapia .30-06, wapo wa .270, na vijana wana 6.5 Creedmoor yao. Sibishani nao. Kulungu akiwa mita 80 mbele ya dungu lako, zote hizo zinatosha na kubaki. Kinachoamua utakula nyama kiasi gani, na utamfuata mnyama umbali gani, ni kile kichwa kinachotoka mtutuni.

Msimu wa kwanza nilimsikiliza mzee mmoja wa kazini ambaye amewinda tangu utoto. Aliniambia ninunue Remington Core-Lokt za greni 150, basi, niache maswali. Greni ni kipimo kidogo sana cha uzito, 150 zake hazifiki hata gramu 10. Risasi hizi zimekuwepo tangu 1939 na ubunifu wake ni mwepesi kueleza: ndani metali ya risasi, nje gamba la shaba lililo nene katikati ili lishike kiini, na nchani risasi imeachwa wazi ili ikigonga ifunguke kama uyoga. Nilimpiga jike hatua 70, nyuma kidogo ya bega, kwenye mapafu. Akakimbia hatua 40 hivi, akalala. Nikampigia mjomba Handeni kwa video.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu nimuone. Mbona mnyama mwenyewe mnono hivyo? Risasi ngapi?"

"Moja, mjomba."

"Moja?" Akanyamaza. "Babu yako angesema umemuiba."

Boksi la risasi 20 lilinigharimu dola 30 na kitu. Ningeishia hapo ningekuwa nimemaliza, na mpaka leo anayeanza akiniuliza namtajia hizo kwanza, kwa sharti moja nitakalolifikia.

Lakini mtu akishapata huanza kutamani. Majira yale ya baridi niliangalia video nyingi mno za watu wanaopiga vibonge vya jeli inayoiga nyama na kupima mashimo. Msimu wa pili nikanunua risasi za kisasa zenye ncha ya plastiki, kiini cha risasi na gamba jembamba. Kampuni siitaji, kwa sababu kosa nusu lake ni langu. Boksi liliandikwa maneno ya kuchanua haraka na kuua papo hapo. Ni kweli. Jike alitokea hatua 35, nikamlenga begani, akaanguka palepale hakupiga hata teke. Nilijiona bingwa mpaka nilipoanza kuchuna. Bega la kushoto lilikuwa uji wa zambarau, mifupa imegeuka chenga, damu imetambaa chini ya ngozi mpaka shingoni. Nilikata, nikaosha, nikakata tena, na nilichookoa nikakisaga kwa ajili ya kababu na sambusa. Yaliyobaki ya hadithi hiyo mmeshayasikia.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Kichwa cha namna ile kimetengenezwa kichanue hata mnyama akiwa mbali sana, ambako kasi imeshapungua. Hatua 35 risasi bado inakwenda zaidi ya mita 800 kwa sekunde. Ikigonga mfupa kwa mwendo huo haichanui, inapasuka. Mimi kwenye msitu wangu sijawahi kumuona kulungu zaidi ya mita 150, miti hainiruhusu. Nilinunua risasi ya mbuga nikaiingiza kichakani.

Na kile kipande cha kwenye sambusa? Idara ya maliasili ya Minnesota ilifanya uchunguzi mwaka 2008, ikapiga mizoga ya kondoo kwa risasi za aina mbalimbali kisha ikaitazama kwa eksirei. Vichwa vyenye kiini cha risasi, hasa vile vya kuchanua haraka, vilitawanya vipande vingi, vingine vidogo visivyoonekana kwa macho, hadi sentimita 30 na zaidi kutoka kwenye jeraha. Kuosha kwa maji kulisaidia pale jerahani lakini kulisambaza uchafu kwingine. Mimi niliosha. Madaktari wa watoto husema hakuna kiwango cha risasi mwilini mwa mtoto kinachojulikana kuwa salama. Mke wangu alisoma maneno hayo kwenye simu yangu, akaenda kwenye friza, akatoa mifuko yote ya nyama ya kusaga, akaitupa. Hatukujadili.

Hapa Kiswahili kinanichekesha kidogo. Sisi metali tunaiita risasi, na kinachotoka kwenye bunduki tunakiita risasi, kana kwamba hakiwezi kuwa kitu kingine. Nilipomwambia mjomba natafuta risasi isiyo na risasi, aliniuliza kama huku baridi imeniingia kichwani.

Zipo. Ni vichwa vya shaba tupu, havina kiini ndani. Nilichagua Barnes TTSX, yenye ncha ya plastiki ya buluu. Ikigonga, ile ncha inasukumwa ndani ya tundu lililo nchani na shaba inafunguka petali nne, kwa kawaida haimeguki. California wameshapiga marufuku risasi za metali ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, kwa hiyo si kitu cha majaribio tena.

Msinunue tu kwa uzito mliouzoea. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule huwa kirefu zaidi, na kichwa kirefu kinataka mifereji ya mtutu ikizungushe kwa kasi zaidi ili kiende sawa. Nilianza na greni 168 kwa sababu nilidhani kubwa ni bora. Yadi 100, matundu matatu yalitawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Nikarudia, yaleyale. Nikanunua za greni 130, matundu matatu ukayafunika kwa kizibo cha soda. Mtutu wangu huzungusha mara moja kwa kila inchi 12 na nadhani ndiyo sababu, ila siwezi kuapa. Bunduki ya mwenzako inaweza kupenda kinyume. Hiyo nyepesi pia huenda kasi, zaidi ya mita 900 kwa sekunde, na shaba inahitaji kasi ili ichanue. Anayepiga mbali sana kwa bunduki ya mtutu mfupi aangalie hilo kabla ya kulipa.

Jambo jingine: ukibadilisha risasi, darubini lazima uirekebishe upya. Zangu mpya zilipiga sentimita 6 juu na kidogo kushoto ya zile za zamani. Kama ningeingia nazo msituni vile vile, ningelaumu shaba.

Kabla ya msimu wa tatu nilimuuliza imamu wa msikiti wetu kuhusu nyama hii, jambo ambalo nilipaswa kuuliza mwanzo. Akaniambia nitaje jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua, na nikimkuta mnyama yu hai nimchinje. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna muuza duka aliyewahi kuniuliza: "Hiyo risasi inatoboa, au inaponda?" Nikakumbuka lile bega.

Jumamosi ya ufunguzi, theluji nyepesi, nimekaa kwenye dungu tangu giza na fulana ya rangi ya chungwa kali, miguu siisikii. Dume alitoka kwenye misonobari saa mbili kasoro asubuhi, mita 90 hivi, akanipa ubavu. Bismillahi, Allahu Akbar. Alirusha miguu ya nyuma kisha akapotea. Kwa dakika chache nilidhani nimekosa, kwa sababu nilizoea kumuona akianguka. Kisha nikashuka nikakuta damu nyekundu ya kung'aa yenye povu, pande zote mbili za njia yake, maana kichwa kiliingia na kutoka. Damu ya povu ni ya mapafu. Ukikuta ya kijani na harufu ya tumbo, rudi ukae saa kadhaa, usimkimbize. Wangu alikuwa hatua 65, ameshakata roho. Nyama niliyoitupa haikuzidi ukubwa wa kitumbua.

Msimu wa nne kulungu alisimama mshazari na risasi ikasafiri mwilini mwake, nikaikuta chini ya ngozi ya paja. Ua la shaba la petali nne, zima. Nikaliosha nikaliweka kwenye mzani mdogo ambao mke wangu anapimia hamira: gramu 8.3. Greni 130 ni gramu 8.4, na ncha ya plastiki haikuwepo. Kwa hiyo karibu chote kilichoingia kilitoka, hakikubaki cha kutafunwa. Binti yangu amelichukua ua hilo, lipo kwenye kikopo chake cha penseli.

Malalamiko yangu kuhusu shaba ni bei. Boksi la 20 ni dola 55, na za kujifunzia shabaha unataka nyingi. Mimi najifunzia na zile za bei ya chini nilizozuiwa siku ya kwanza, halafu wiki mbili kabla ya msimu napiga chache za shaba kuhakikisha darubini. La pili, kama unataka mnyama aanguke mbele ya macho yako kila mara, shaba kwenye mapafu haitakupa hilo, itakupa safari fupi ya kufuata damu. Kwangu si tatizo, kuna theluji. Kwenye nyasi ndefu na giza linaingia, ningefikiria mara mbili.

Na lile sharti: ukitumia za ncha laini zenye kiini cha risasi, usilenge bega, tupa nyama yote iliyo karibu na jeraha hata kama roho inauma, na ya kusaga itoke mapajani. Kata mwenyewe ukiweza. Mimi hukatia gereji, kwanza kwa sababu mabucha ya huku hutia mafuta ya nguruwe kwenye soseji za kulungu, na pili kwa sababu kwenye mashine yao nyama yangu itafuata ya mtu ambaye sijui alipiga kwa risasi gani.

Zile greni 168 nilimpa mzee wa kazini. Bunduki yake imezipokea vizuri, tena anajisifu nazo. Za 130 zimebaki sita: tatu za darubini mwezi wa kumi, tatu za msituni.