Spack na solva yake ya clingo: kupanga inajua sana, sema ikikataa ndo kazi inaanza

Kama kazi yako ni kuinstoli programu tatu nne kwenye laptopu basi hii siyo ya kwako, baki na apt au dnf yako utaishi kwa amani. Spack ni ya wanaojenga programu kutoka sosi kodi kwenye mashine kubwa za hesabu za kisayansi, ilianzia maabara ya Lawrence Livermore kule Marekani, na kwenye mashine hizo kila mtu ana mambo yake, huyu anataka HDF5 (maktaba ya kuhifadhi data) yenye MPI (ya kuwasilianisha kazi zinazoendeshwa sambamba) yule hataki hata kuisikia MPI, huyu GCC yule kompaila ya Intel, na zote zinatakiwa zikae sehemu moja zisigombane.

Ninayotaka kuiongelea hasa ni solva yake, yaani kile kipande kinachotafuta mchanganyiko wa pakeji unaotimiza masharti yote. Unaandika spack install hdf5 +mpi ^openmpi, yaani HDF5 yenye MPI na MPI yenyewe iwe ile ya openmpi, hujasema vesheni, hujasema kompaila, zlib (maktaba ya kubana data) ipi hujagusa, yenyewe ndo inajaza kila kilichobaki mpaka ombi lako la nusunusu linakuwa mpango kamili unaojengeka.

Zamani kazi hii ilikuwa inafanywa na algoridhimu yenye pupa, yaani inaamua jambo moja, inasonga mbele, hairudi nyuma hata ikigonga ukuta. Mfano maarufu ni hpctoolkit ^mpich, yaani hpctoolkit (zana ya kupima kasi ya programu) ijengwe na mpich, ambayo ni aina nyingine ya MPI. Hpctoolkit kwa kawaida ilikuwa inakuja MPI imezimwa, kwa hiyo solva ya zamani inaanza kuamua "MPI imezimwa", halafu ikifika kwenye mpich inakwambia hpctoolkit haitegemei mpich, kwaheri. Ukiongeza +mpi kwa mkono wako inapita vizuri tu! Sasa jibu lipo halafu mashine inakwambia halipo, si bora ingenyamaza.

Kuanzia v0.17 mwishoni mwa 2021 wakaweka clingo kama solva ya kawaida, hiyo imetoka Chuo Kikuu cha Potsdam, Ujerumani. Pakeji zote na masharti yake zinageuzwa kuwa sentensi za mantiki, zinaunganishwa na faili la kanuni linaitwa concretize.lp, clingo inatafuta. Ikisema hakuna, basi kwa masharti uliyoyatoa kweli hakuna, siyo kwamba imechoka njiani. Na kwa wanaouliza kwani kuchagua vesheni kunahitaji silaha nzito hivyo, ndiyo, tatizo lenyewe ni NP-kamili, yaani hakuna njia inayojulikana ya kulitatua haraka kwa kila hali, watu wa mradi wa utafiti wa EDOS walishalionyesha tangu katikati ya miaka ya 2000. Ndo maana openSUSE 11.0 (aina ya Linux) mwaka 2008 iliweka kwenye zypper, kiinstola chake, solva ya SAT, inayoangalia kama masharti ya ndiyo na hapana yanaweza kutimia yote, na libsolv iliyozaliwa humo ndo inaendesha viinstola vya dnf na mamba mpaka leo.

Ila SAT tupu inakuambia tu inawezekana au haiwezekani, na kwa pakeji majibu yanayowezekana huwa mengi mno, kazi ni kujua lipi unalipeleka kwenye mashine ya watu. Hapa clingo ndo imenikosha, maana upendeleo nao umeandikwa kama kanuni, umepangwa kwa uzito, vesheni mpya inashinda ya zamani, varianti (chaguo la kuwasha au kuzima kitu, kama +mpi) ya kawaida inashinda isiyo ya kawaida, na ukiandika spack solve badala ya install inakuonyesha vigezo vyote na alama za kila kimoja. Kuanzia v0.18 inapendelea pia kutumia kilichokwisha kujengwa, ndo maana wengine wanashangaa mbona nimepewa vesheni ya zamani, jibu ni --fresh, na uwe tayari kusubiri ijenge.

Haya tuje kwenye kukataa. Clingo kwa asili yake ikikosa jibu inasema tu hakuna, sababu uzitafute mwenyewe, kwa hiyo ilibidi Spack waandike makosa nayo kama kanuni, solva itafute mpango wenye makosa machache na makubwa yatajwe kwanza. Ujanja mzuri, na ujumbe wa sasa unasomeka kuliko ule wa mwanzo. Lakini ukiwa na mazingira makubwa yenye unify: true, yaani kila pakeji iwe na toleo moja tu kwa wote, pakeji mbili zikigongana kupitia ya tatu ambayo hujaitaja popote, utachimba. Angalia PubGrub, solva nyingine aliyoitengeneza Natalie Weizenbaum kwa ajili ya lugha ya Dart mwaka 2018, uv, kiinstola cha pakeji za Python, nacho kinaitumia, ile inatunza sababu kadiri inavyotafuta halafu inakusimulia hatua kwa hatua, kwa kuwa A inataka B chini ya 2 na C inataka B kuanzia 2, A na C haziwezi kukaa pamoja. Kweli PubGrub haibebi mizigo ya kompaila na varianti kama Spack, ila kwa maelezo Spack bado iko nyuma.

Na kitu ambacho wanaosifia mantiki huwa hawakisemi, solva inaamini kilichoandikwa kwenye package.py, faili la maelezo ya kila pakeji, na si zaidi. Mwandishi wa pakeji akisahau mstari mmoja wa conflicts, ule wa kusema vipi haviendi pamoja, clingo itakuthibitishia kabisa kwamba mpango ni sahihi, halafu kompaila inakuja kulipuka saa nzima baadaye ukiwa umeshaenda kulala. Hapo usiilaumu clingo.

Kasi ni ya kawaida, ombi dogo ni sekunde kadhaa, mara ya kwanza inachelewa kwa sababu inaivuta clingo yenyewe kwanza.

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwenye maelezo ya makosa. Ukianza kuitumia piga spack spec -I kabla ya install yoyote, itakuonyesha kipi kipo tayari na kipi kitajengwa, na ukiona inataka kujenga GCC nzima upya kwa ajili ya kamaktaba kamoja kadogo, simama hapohapo ukaangalie konfigi yako.