King'ora cha hewa ya sumu: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Masika ya mwaka juzi umeme ulikatika usiku, mvua inanyesha, na jenereta tukaiweka upenuni chini ya dirisha la chumba cha shangazi ili isirowe wala isiibiwe. Baada ya saa mbili shangazi akalalamika kichwa, mtoto akatapika, mimi miguu imelegea. Tukamsingizia pweza tuliyemla mchana. Jirani aliyekuja kuchaji simu ndiye aliyeizima jenereta akatutoa sote barazani, na haikupita saa vichwa vikaanza kupoa.

Iliyotuumiza ni hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Hutoka popote petroli, gesi au mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha: jenereta, injini ya boti, seredani iliyoingizwa ndani kwa sababu ya mvua, hata makaa yanayowekwa chumbani kwa mzazi. Mkaa usiotoa moshi ndio unaotudanganya zaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu, na hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala huenda asiamke. Waliokuwapo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa kama miezi mitatu bila umeme wa bara, wanakumbuka jenereta zilivyonguruma kila uchochoro.

Tangu usiku ule nimenunua ving'ora vitatu, vya nyumbani na vya ndugu zangu. Ninavipanga hivi.

Cha kwanza kabisa ni chenye betri yake iliyofungwa ndani, ya miaka saba hadi kumi, na kioo kinachoonyesha namba. Tafuta maandishi EN 50291, yaani kiwango cha Ulaya cha ving'ora vya monoksidi, mgongoni, si kwenye boksi tu. King'ora cha kiwango hicho, monoksidi ikifika sehemu 50 katika milioni za hewa, kitalia baada ya saa moja hadi saa moja na nusu; ikifika 300, kitalia kabla ya dakika tatu. Namba ina faida yake: utaiona sumu ikipanda mapema, kabla king'ora hakijalia. Bei yake iko juu, lakini ukiigawa kwa miaka kumi si kitu.

Cha pili ni cha betri za kawaida unazobadilisha mwenyewe. Kinafanya kazi ileile. Hofu yangu ni moja: rimoti ya televisheni ikiishiwa betri, mtu atazitoa humo.

Cha tatu ni cha kuchomeka ukutani chenye betri ya akiba. Hiki nacho kinafaa.

Cha kuchomeka kisicho na betri usikinunue hata ukipunguziwa bei. Umeme ukikatika nacho kinazimika, na jenereta huwashwa saa hiyohiyo. Kwa Unguja na Pemba king'ora cha namna hiyo hakitulindi.

Halafu kuna kosa la dukani. Mimi mwenyewe Darajani niliomba king'ora cha monoksidi nikapewa cha gesi ya mtungi, na muuzaji akaniapia ni kitu kimoja. Si kimoja. Cha gesi ya mtungi hunusa gesi inayovuja, na huwekwa chini kwa kuwa gesi hiyo ni nzito. Cha moshi nacho ni kingine. Soma kama kimeandikwa "CO", ndiyo alama ya monoksidi. Kikiwa "CO2" hicho ni cha hewa ukaa, kirudishe.

Wenye boti za kulaza wageni, au gari lililotengenezwa vitanda ndani, watafute EN 50291-2. Hicho kimepimwa kwa mtikisiko na hali za safarini. Cha nyumbani hakikupimwa hivyo.

Kabla hujalipa, geuza uone tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu kihisio, yaani kile kinachonusa sumu, huchoka hata kikiwa ndani ya boksi. Kitufe cha majaribio hupima betri na sauti tu, hakipimi kihisio.

Kiweke chumba cha kulala, usawa wa kichwa cha aliyelala, mbali na dirisha na mvuke wa jikoni. Na hata ukiwa nacho, jenereta ikae mita sita au zaidi kutoka mlango na dirisha lolote. Tuijengee kibanda chake huko uani.

Kikilia, usikizime ukarudi kulala. Toeni watoto kwanza, wote nje, kisha mwende hospitali kama kuna anayeumwa kichwa au kutapika. Mwambieni daktari waziwazi kwamba mlikuwa na jenereta au mkaa ndani, kwani kile kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa na mgonjwa bado ana sumu.