H4 ya kawaida, LED ama zenoni: nimeendesha na zote Nakuru–Kisumu usiku

Nianze na jibu ndio wenye haraka waende zao. Kama gari yako ni Probox ama gari yoyote ile taa yake ya mbele ni bakuli tu la kung'aa, haina ile lenzi ya mviringo ya projekta, na balbu ni H4, ile moja inayobeba fulu (mwanga wa mbali) na dimu (mwanga wa chini), usinunue LED bado. Vuta waya mpya na rilei (swichi ndogo inayoamshwa na umeme), piga kioo cha taa msasa na polishi, weka halojeni (balbu ya uzi, ya kawaida) nzuri ya 60/55, yaani wati 60 za fulu na 55 za dimu, na uelekeze taa vizuri. Hizo zingine nimezifunga kwa gari hii hii moja, barabara hii hii, so naongea kitu nimeona na macho.

Barabara mnaijua. Ukitoka Nakuru ukapita Salgaa unaanza kupanda Sachangwan malori yakiwa yamepanga foleni mbele yako, ukifika Mau Summit ukungu umeshuka mpaka kwa lami, unakata kushoto, Londiani mvua, Kericho mvua tena, halafu unateremka Awasi mpaka Ahero huko joto na wadudu wanapasukia kwa kioo. Na huko upande wa miwa ndio kuna kesi, trakta inavuta treila haina hata taa moja ya nyuma, miwa imening'inia nje kando na kati, dereva ametulia kabisa. Hiyo treila ndio mtihani wangu wa taa. Sijali gari inakaa aje ikiwa imepaki pale Kenyatta Avenue, nataka kujua hiyo miwa nitaiona nikiwa bado na nafasi ya kushika breki ama nitaiona ikiwa kwa boneti.

Nilianza na LED kwa sababu ndio kila mtu anauziwa siku hizi. Duka la spea hapa Nakuru, jamaa akanitolea boksi la shilingi 3,500 limeandikwa wati 200, lumeni (kipimo cha mwanga) 20,000, akaniambia, "Bosi, hii ukiwasha hata ng'ombe wa Molo wanajua umefika." Sasa wati 200 kwa 12V ni kama ampea 17 kwa balbu moja, na fyuzi ya taa haikuwekwa kubeba hiyo. Nilipofika nyumbani nikaweka mita kwa laini, balbu moja inakula ampea mbili na kitu. Hapo ni chini ya wati 30, boksi ni hadithi. Sio kusema wati 30 za LED ni mbaya, LED inatoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo, lakini mjue hizo namba za kwa boksi ni za kupamba.

Kwa mji LED ni tamu, sitadanganya. Nyeupe, inawaka saa hiyo hiyo, barabara iko wazi kama mchana mpaka mita thelathini hivi, alama za barabara zinang'aa, bodaboda zisizo na taa unaziona. Shida inaanza ukitoka nje ya mji. Huo mwanga wote umerundikana hapo mbele ya bampa, jicho linazoea hiyo nyeupe kali, mboni inajifunga, halafu kule mbali kunakuwa giza kuliko hata na balbu ya zamani. Unahisi unaona sana na kumbe huoni mbali. Kwa ukungu wa Mau Summit nilikuwa naendesha nikiwa nimetazamana na ukuta mweupe, nikatafuta ule mstari wa njano wa kando ya lami na huo ndio nilifuata mpaka nikatoka.

Na wale wanaokuja mbele yako? Walinimulika na fulu karibu njia nzima na mimi nimeweka dimu. Hawakuwa na makosa. H4 ya halojeni ndani yake kuna nyuzi mbili, moja ya fulu na moja ya dimu, na ukiitazama kwa karibu utaona uzi wa dimu umewekewa kijikombe kidogo cha chuma chini yake. Hicho kijikombe kazi yake ni kuzuia mwanga usigonge nusu ya chini ya rifleta, lile bakuli la kung'aa, kwa sababu mwanga ukigonga huko unaruka juu moja kwa moja kwa macho ya dereva mwingine. Rifleta yote imechorwa kufuata pale uzi unakaa, na uzi ni mwembamba. LED inaleta chipu pana pande mbili za chuma, na ikikaa milimita moja tu mbele ama nyuma ya pale uzi ungekaa, ule mkato wa mwanga, pale mwanga unaishia na giza linaanza, unavunjika. Zile zangu kwa ukuta wa jirani zilichora kama mayai yamepasuka. Nilizungusha ile pete ya shingo mpaka chipu zikatazama kushoto na kulia badala ya juu na chini, ikawa afadhali, lakini afadhali tu.

Kuna vitu vidogo pia hawakuambii dukani. Ile feni ya nyuma ni ndefu, raba ya kufunika taa nyuma haifungi tena, vumbi na maji yanaingia. Na redio: nikiwasha taa, stesheni inaanza kukwaruza, nikizima inarudi safi. Ukinunua ya maana zaidi hii unaweza usiipate, lakini hiyo ya 3,500 utaipata.

Mtu asiseme nachukia LED. Gari ikitoka kiwandani na LED yake hiyo ni kitu kingine, taa yote imeundwa juu ya hiyo chipu. Hata Ujerumani, wenye huwa wanabana sana mambo ya gari, mwaka wa 2020 Osram walipata ruhusa ya LED ya kuchomeka mahali pa halojeni, lakini kwa orodha ya magari yaliyopimwa, modeli moja moja, sio ati kila gari. Hiyo inakuonyesha LED si ubaya, ubaya ni kuichomeka kwa rifleta ambayo hakuna mtu ameipima nayo.

Zenoni nitapita haraka. Binamu yangu wa Kisumu alikuwa na seti ya HID (ndiyo hiyo zenoni) ya 35W kwa boksi, tukaifunga kwake Mamboleo. Mwanga ni mwingi kweli, balbu ya zenoni ya kiwandani inatoa kama lumeni 3,200 na dimu ya H4 ni kama 1,000, sasa hesabu hiyo uimwage kwa rifleta ya halojeni uone. Kila mahali ni nyeupe, mpaka juu ya miti. Halafu ya H4 kuna sumaku inavuta balbu mbele na nyuma ndio ibadilishe dimu na fulu, na hiyo sumaku ikikwama kwa fulu uko na balaa usiku mzima. Ukiwasha inachukua sekunde kadhaa kufika mwanga wake, na balasti, kile kiboksi cha kuiwasha, inatupa volti zaidi ya 20,000, kwa hivyo waya uliochunika siwezi kukushauri ushike. Kama gari yako ilikuja na zenoni kutoka Japani na projekta yake, baki nayo, ukibadilisha balbu tafuta 4300K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), achana na ile ya 8000K ya bluu, bluu ikizidi mwanga unapungua, hapo unalipia rangi tu. Kwa H4 ya rifleta, mimi nilitoa siku hiyo hiyo na gari ikarudi Nakuru na halojeni.

Sasa kuna njia ya tatu inapendwa sana na madereva wa matatu, H4 ya 100/90. Bei kidogo, inaingia palepale, na ni halojeni kwa hivyo mkato wa mwanga unabaki mzuri. Mbona nisiipende? Wati 100 ni ampea nane na zaidi kwa balbu moja, mbili ni kama 17, na hiyo yote unaipitisha kwa waya mwembamba wa kiwanda na swichi ya usukani ambayo iliwekwa kubeba karibu nusu. Fundi wangu alinionyesha soketi moja ametoa kwa gari ya mteja: plastiki imegeuka rangi ya kahawia, pini moja imezama ndani, na ukiipeleka puani bado inanuka. Rifleta yenyewe ilikuwa imeanza kubabuka ile rangi ya fedha hapo juu ya balbu. Hiyo taa hairudi tena, utaenda kutafuta nyingine ya eksi Japani, iliyotumika.

Huyo fundi wa waya ndiye aliyenifungua macho kabisa. Nilimwendea nikitaka anifungie LED za bei, akaniambia, "Mzee, ngoja kwanza nikuonyeshe kitu." Akawasha injini na taa, akapima betri, 14.1. Akachomoa raba, akapima nyuma ya balbu yenyewe ikiwa inawaka: 11.9. Zaidi ya volti mbili zimepotelea njiani, kwa waya wa zamani, kwa swichi, na kwa athi (waya wa negativu) iliyoshika kutu pale chesi. Na halojeni si kama vitu vingine, volti ikishuka kidogo mwanga unashuka sana, punguza asilimia kumi ya volti na karibu theluthi moja ya mwanga imeenda. Sasa mimi nilikuwa naendesha na taa iliyokatwa theluthi na zaidi, halafu naenda kununua balbu mpya ndio nirekebishe waya!

Alichofanya ni hivi: waya nene kutoka betri, fyuzi hapo karibu na betri, rilei mbili za pini nne, moja ya dimu na moja ya fulu, soketi za kauri, na athi mpya imefungwa kwa chuma kilichokwanguliwa rangi. Swichi ya usukani sasa inabeba umeme kidogo tu wa kuamsha rilei. Bei ya kila kitu na kazi yake ilikuja chini ya zile LED za bei nilizotaka. Akapima tena nyuma ya balbu, 13.5. Balbu ni zile zile! Nilidhani amebadilisha.

Baadaye ndio nikaongeza halojeni za zile zilikuwa zinaandikwa +130 (mtengenezaji anadai mwanga zaidi kwa asilimia 130), Osram wanaita Night Breaker na Philips wanaita X-tremeVision. Zinasaidia, mwanga unafika mbali kidogo na ni mweupe, na wati ni zile zile 60/55 kwa hivyo hakuna kitu kinaungua. Lakini uzi wake unafanya kazi kwa joto zaidi na maisha yake ni mafupi, hiyo mjue mapema, na barabara ya mashimo haisaidii. Mimi nabeba ya kawaida moja kwa dashibodi. Angalia shingo ya balbu kuna duara lina herufi E na namba (alama ya kuidhinishwa), kama haina rudisha. Na usiguse kioo cha balbu na vidole, mafuta ya mkono yanachoma hapo.

Kioo cha nje kilichogeuka njano, chukua msasa wa 1000 na maji, halafu 2000, halafu polishi, na upake kitu cha kuzuia jua la sivyo inarudi njano upesi. Kuelekeza, paki gari mita tano kutoka kwa ukuta mahali tambarare, dimu ikatike kama sentimita tano chini ya urefu wa balbu. Taa za Japani zinainua mwanga kushoto na sisi tunaendesha kushoto, kwa hivyo huo mkono wa mwanga unaopanda lazima uwe upande wa watembea kwa miguu, sio wa anayekuja.

Alama: LED ya 3,500 kwa rifleta, mbili kwa tano, hizo mbili ni za mjini. HID moja. 100/90 bila rilei sifuri. Rilei na 60/55 nzuri, nne na nusu, nusu nimekata kwa sababu kwa ukungu hakuna balbu inakusaidia, punguza mwendo tu. Ile treila ya miwa sasa naiona nikiwa bado na muda wa kumlaani dereva kwa utaratibu.

Ukitafuta fundi, Nakuru ama Kisumu, kabla hajafungua boneti muulize Toyota yako swichi ya taa inakata positivu ama inakata athi. Nyingi zinakata athi, na rilei inafungwa tofauti kabisa. Akikuambia zote ni sawa, washa gari uende kwa mwingine.