Uzoefu wangu: seti ya tangi la maji ya chumvi kwa bunju wa kwanza

Nianze na hukumu, maana anayetaka kununua hutafuta hilo kwanza. Seti ya tangi la lita 200 yenye vyumba vya chujio kwa nyuma inamfaa anayeanza kufuga samaki wa maji ya chumvi, na inamfaa bunju, yule samaki mwenye sumu anayejivimbisha kama puto, ila si kama inavyotoka kwenye boksi. Aliyeiunda alimfikiria samaki mpole anayeokota chembe mbili tatu na kuridhika. Bunju hayuko hivyo. Anakula nyama, anatapanya mabaki, anachafua maji kuliko umbo lake linavyoonyesha, na ana mdomo wa kuvunja kombe. Kwa hiyo kila kifaa nimekipima kwa mambo mawili: uchafu wake na meno yake.

Kabla ya vifaa, samaki mwenyewe, kwa sababu ukubwa wa tangi unaamuliwa na yeye. Bunju wako wengi. Arothron hispidus hufika sentimita 50, Arothron stellatus hupita mita moja. Hao, hata wakiwa wachanga, lita 200 haziwatoshi kwa muda mrefu. Nilimchagua Canthigaster valentini, asiyezidi sentimita 11 hivi, anayeishi kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Ni mweupe mwenye madoa ya kahawia, mgongoni ana mikanda minne ya giza, na miwili ya katikati inashuka ubavuni kuelekea tumboni. Yuko samaki mwingine, Paraluteres prionurus, asiye na sumu, aliyejivika rangi zilezile ili wawindaji wamdhanie ni bunju na wamwache. Ukienda kununua tazama pezi la mgongoni: la bunju ni dogo na limekaa nyuma karibu na mkia, la yule mwigaji ni refu. Mimi nilimwomba muuzaji amlishe mbele yangu. Tumbo lililobonyea ndani, au mdomo unaogusa chakula bila kukishika, ni sababu tosha ya kuondoka mikono mitupu.

Sasa seti. Kitu bora kuliko vyote ndani yake ni vile vyumba vya nyuma. Maji yanaingia kupitia matundu membamba karibu na uso, yanapita kwenye sponji, yanateremka hadi chumba cha mawe ya kuhifadhi bakteria, kisha pampu inayarudisha mbele. Hita, skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu) na nyaya zote zinakaa huko, nyuma ya ukuta mweusi. Kwa samaki wengine huo ni urembo tu wa kuficha vifaa. Kwa bunju ni usalama, kwani hujaribu kwa mdomo kila kitu kigeni anachokikuta, ikiwemo waya wa umeme na vikombe vya mpira vinavyonata kiooni. Kama tangi lako halina vyumba hivyo, hita ifungiwe ndani ya kinga ya plastiki ngumu, na nyaya zipite asikofika. Joto la maji ninaliweka nyuzi 25, na hita ya seti imeweza kulishika bila kuyumba.

Skima ndiyo iliyoniangusha. Kazi yake ni kupuliza viputo vidogo sana ndani ya maji. Protini na mafuta kutoka kwenye mabaki hung'ang'ania uso wa kiputo, povu likapanda shingoni na kumwagikia kwenye kikombe. Inafanya kazi vizuri kwenye maji ya chumvi kwa sababu humo viputo hubaki vidogo bila kuungana. Ile iliyokuja na seti ilitoa majimaji mepesi kama chai ya rangi iliyoongezwa maji, hata siku nilizomlisha ngisi. Niliipa muda wa kuzoea, kwa kuwa skima mpya huhitaji kujisafisha mafuta ya kiwandani, na bado haikubadilika. Nilinunua nyingine, inayoingia kwenye chumba kilekile lakini iliyoundwa kwa tangi lenye maji mara mbili ya langu. Ndani ya muda mfupi kikombe kilikuwa na tope jeusi la kijani lenye harufu ya kukimbiza watu, na harufu hiyo ilinifurahisha, kwani ulikuwa uchafu ambao haukubaki ndani ya maji.

Chumvi iliyomo ni mfuko wa kilo 4. Ukishaweka mawe na mchanga, tangi la lita 200 linabaki na nafasi ya maji kama lita 170, na maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Hapo unahitaji karibu kilo 6 ili tangi lijae mara ya kwanza, kabla hujagusa ndoo ya maji ya kubadilisha. Wauzaji wangeandika hivyo wazi kwenye boksi. Maji ya kuchanganyia nayo yana habari yake: ya bomba yana klorini, mara nyingi fosfati, na pengine shaba kutoka kwenye mabomba. Natumia maji yaliyopitishwa kwenye kichujio cha osmosisi, kinachoondoa karibu kila kilichoyeyuka ndani yake, nayachanganya na chumvi kwenye pipa lenye pampu na hita, na nayaacha yazunguke usiku kucha.

Halafu kuna haidromita ya plastiki ya kupimia chumvi, ile yenye sindano inayoelea. Inasoma uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi, ambayo ni 1.000. Hii naisema kwa mkazo: iweke kando. Niliijaza maji, sindano ikasimama kwenye 1.026, nikaridhika kuwa yamekaa sawa. Nilipoitazama kwa karibu niliona kiputo kidogo kimeshikamana na ncha ya sindano. Nikaigonga kwa kidole, kiputo kikaachia, sindano ikateremka hadi 1.022. Kifaa kinachobadilisha jibu kwa sababu ya kiputo hakifai kuamua maisha ya mnyama. Rifraktomita, inayopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda ndani ya maji, haina shida hiyo: unadondosha tone la maji kwenye kioo chake, unafunika, unaangalia kwenye mwanga, na unasoma pale rangi ya buluu inapokutana na nyeupe. Inataka kusawazishwa kwa maji maalum ya gramu 35 kwa lita, si kwa maji ya kunywa, ndipo iwe sahihi karibu na kiwango unachokihitaji. Mimi nalenga 1.025. Na kwa kuwa maji hukauka lakini chumvi haikauki, yanayopungua nayajazia kwa maji yasiyo na chumvi. Kwenye matangi ya aina hii upungufu unaonekana kwenye chumba cha pampu peke yake, hivyo nilibandika utepe kiooni pale, na kila asubuhi najaza hadi kwenye utepe.

Mchanga na mawe sina la kulalamikia. Mchanga wa aragonaiti, aina ya chokaa, ni laini, na bunju hupenda kuupulizia maji kwa mdomo atazame kilichojificha chini. Mawe yalikuja makavu. Niliyapanga yaguse sakafu ya kioo kwanza, ndipo nikamwaga mchanga kuyazunguka, ili akichimba yasiporomoke. Nikaacha mapango mawili ya kulala na njia pana ya kuogelea katikati.

Ndani ya boksi kuna chupa ya bakteria, na lebo yake inasema samaki anaweza kuingia siku hiyohiyo. Chupa inasaidia, lakini lebo isikuharakishe. Samaki hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na makundi hayo huchukua muda kuenea kwenye mawe na sponji, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Kwenye maji ya chumvi hatari ya amonia ni kubwa zaidi kwa sababu pH yake (kipimo cha uasidi na ualkali) ni ya juu, 8.1 hadi 8.4, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika hali yake yenye sumu kali. Nilitia amonia ya chupa hadi miligramu 2 kwa lita, tangi likiwa halina kiumbe, na nikapima jioni kwa jioni. Mwanzoni kichupa cha kupimia kilikuwa kijani kibichi, ishara ya amonia nyingi. Kikaanza kufifia, nitriti ikapanda ikakaa juu muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha nayo ikaporomoka. Kipimo nilichokisubiri ni hiki: tangi limeze amonia ya miligramu 2 kwa lita ndani ya saa 24, na siku ya pili vipimo vya amonia na nitriti vyote visome sifuri. Jioni kile kichupa kilipobaki njano tupu nilikiinua kwenye mwanga nikakiangalia tena na tena. Baada ya hapo nilibadilisha maji mengi kupunguza nitrati, na tangi likawa tayari.

Bunju aliletwa ndani ya maji muda wote, na hili muuzaji alilijua vizuri. Bunju hujivimbisha kwa kumeza maji. Ukimwinua kwa wavu akavimba hewani, atameza hewa, na kuitoa ni kazi ngumu inayoweza kumuua. Anachukuliwa kwa chombo kilichozama, maji yake na yeye pamoja. Wala asichokozwe avimbe ili wageni waone. Kujivimbisha ni ishara ya hofu, na kunamchosha.

Hakuingia tangi kubwa moja kwa moja. Alikaa kwenye tangi dogo la karantini lenye hita, chujio la sponji na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, kwa sababu vimelea vya Cryptocaryon irritans, vinavyoleta madoa meupe, vikishaingia kwenye mawe na mchanga huwezi kuvitibu humo. Bunju hana magamba ya kawaida kama samaki wengine, na wafugaji wengi humkwepesha dawa za shaba au huzitumia kwa tahadhari kubwa. Kwake ni heri kuzuia ugonjwa kuliko kutibu.

Seti ilikuja pia na kadi ya punguzo la kununulia konokono na kaa wadogo wa kusafisha mwani. Kwa mwenye bunju hiyo ni kadi ya chakula. Mwani unaoota kioo cha mbele nausugua mwenyewe kwa sumaku, unaoota kwenye mawe namwachia, kwani Canthigaster valentini hula mwani pia pamoja na wanyama wadogo. Taa nazo ni kali, zimetengenezwa kwa wafuga matumbawe, ambayo bunju huyadonoa; nimezipunguza nguvu na zinawaka saa 8 kwa siku.

Kulisha ndiko kulikonifanya nimpende huyu mnyama. Akinikaribia kiooni jicho moja linanitazama mimi huku jingine likifuata mkono wenye chakula, kila moja likizunguka kivyake. Nikidondosha kome aliyefunguka nusu, anamzunguka, anasimama wima kichwa chini, mapezi ya ubavuni yakipepea kwa kasi, kisha anauma. Unasikia mlio mkavu kupitia kioo. Mlio huo ndio afya yake, kwa sababu meno yake ni mabamba manne yaliyoungana kama mdomo wa ndege na hayaachi kukua. Asipopata vitu vigumu vya kuyasaga, yatarefuka hadi ashindwe kula. Nampa konokono wadogo, kome na kombe kwenye maganda yao, na kamba ambaye sikumenya. Ninabadilisha kila mara, kwa kuwa baadhi ya samakigamba na kamba wana kimeng'enya cha thiaminesi kinachoharibu vitamini B1, na bunju anayelishwa aina moja tu mwaka mzima anaweza kuishiwa. Vipande vidogo mara moja au mbili kwa siku vinamtosha. Atakuomba zaidi, na ataomba vizuri sana, lakini kinachozidi kinaishia kwenye nitrati. Dakika chache baada ya mlo natoa maganda kwa koleo, na kila wiki nabadilisha lita 25 za maji na kuosha sponji.

Yuko peke yake. Nilishauriwa nimwekee samaki klauni, na wapo wanaofanya hivyo salama, ila bunju huyu ana sifa ya kukata mapezi ya wenzake, na mimi sioni kama anakosa chochote.

Mwenye fedha ya kuongeza vitu viwili tu juu ya seti aanze na rifraktomita na skima kubwa, mengine yatasubiri. Aliyependa bunju wa miiba, Diodon holocanthus, kwa lile jicho lake kubwa na uso wa kutabasamu, asiinunue seti hii hata akimkuta dukani ana urefu wa kidole. Huyo hupita sentimita 30, wala udogo wa tangi haumzuii kukua. Anataka lita 500 kwenda juu, na skima inayomtosha haiingii kwenye chumba chochote cha nyuma nilichowahi kukiona.