Nyota tatu kwa shule niliyofundisha miaka minne

Shule siitaji jina, ni sekondari ya binafsi nje kidogo ya Dar, ya bweni, nimefundisha biolojia na kemia pale miaka minne nimetoka Januari hii. Wazazi wao wanaangalia matokeo ya form four, mi naandika kama mwalimu na mwalimu anaangalia tarehe ya mshahara.

Mazuri yapo jamani tusiseme uongo. Mshahara tarehe 27 umeingia, wazazi wamelipa ada hawajalipa wewe haikuhusu, na wenzangu wa shule binafsi mnajua kuna sehemu hela ya Januari unaiona Machi. Chai saa nne na maandazi mawili, mchana wali au ugali maharage, Jumatano nyama. Ila kilichonishika mimi ni mtoto kusoma kwa nusu ada kwenye primary yao. Kuna shule ilishaniita ikanitajia laki na nusu juu ya niliyokuwa napata, nikakaa na kikaratasi nikapiga hesabu ya ada, basi la shule na yunifomu nikaona hiyo laki na nusu yote inarudi hukohuko, nikabaki zangu. Mkurugenzi kwenye ile nusu ada hatoi hata mia mfukoni, dawati si lilikuwa tupu, lakini kwa mwenye mtoto hiyo ndo pingu.

Sasa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii wa kutunza akiba ya uzeeni. Kwenye salari slipu asilimia 10 inakatwa kila mwezi bila kukosa, na mwajiri anatakiwa aweke 10 yake ziende 20. Nimeenda kucheki michango nakuta miezi 11 haipo! Namuuliza mhasibu ananijibu "madam ipo kwenye mchakato". Bima ya afya hakuna, mtu akilazwa tunachangishana kwenye grupu la WhatsApp. Uzazi sheria inasema siku 84, mwenzetu mmoja kaitwa ya 60 "aje kusimamia mitihani tu", kaja na mtoto mgongoni. Mkataba nao ni wa mwaka mmoja mmoja, unaisha Desemba, unakula sikukuu hujui kama Januari una kazi.

Ndo maana serikali ikitangaza ajira staffroom inakuwa kimya, kila mtu kainamia simu anaomba. Mwaka jana ticha wetu wa fizikia kapangiwa Kibondo, Kigoma yenyewe hajawahi kufika na mshahara wa kule mdogo kuliko aliokuwa anapata pale, kaaga Ijumaa, Jumatatu hayupo. Form three wamenakili notsi za mwaka juzi mpaka mwezi wa nane. Mkurugenzi akaitisha kikao, akatangaza kila A mwalimu atapata elfu tano. Nyuma huko mtu akauliza "na NSSF bosi?" Kikao kikafungwa kwa sala.

Kwa hiyo kama una mtoto anaanza la kwanza nenda tu, italipa, ila michango yako kaiangalie mwenyewe kila baada ya miezi mitatu usisubiri kama mimi. Kama huna mtoto sijui utakaa kwa ajili ya nini, maandazi? Wangu kamaliza la saba Septemba, mkataba ukaisha Desemba, barua ya mkataba mpya sikuisubiri. Ile miezi 11 bado naifuatilia.