Filta ya sponji kwa vifaranga wa samaki wa dhahabu: yafaa Goma, lakini boksi peke yake halitoshi

Anayezalisha samaki wa dhahabu nyumbani anunue filta ya sponji kabla ya kitu kingine. Filta za mota hufyonza vifaranga. Ya sponji huvuta maji polepole kwa mapovu ya hewa, na utelezi unaoota juu ya sponji vifaranga huudonoa. Seti ndogo ya bei nafuu, yenye sponji moja, mpira wa hewa na pompa ya wati 3, inatosha beseni la lita 60.

Kinachokosekana ndani ya boksi ni valvu ya kuzuia maji kurudi. Umeme ukikatika, maji hupanda kwenye mpira hadi ndani ya pompa na kuiunguza. Tundika pompa kwenye msumari, juu ya usawa wa maji, na valvu inunue kando. Giza likiendelea saa nyingi, bakteria wa sponji, wanaosafisha maji, hukosa oksijeni: teka maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu kila baada ya muda.

Jambo kubwa zaidi ni maji yenyewe. Maji ya ziwa Kivu, yanayotumika Goma, yana pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) karibu 9. Kwenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia, uchafu unaotolewa na samaki, ndiyo huwa sumu kali. Kwenye pH 9 na joto la nyuzi 25 hupita theluthi. Kwa hiyo sponji mpya, isiyo na bakteria wa kuondoa amonia, haiwaokoi vifaranga hata mapovu yawe mengi namna gani. Iendeshe kwanza wiki 4 hadi 6 katika akwariumu ya wazazi, kisha uihamishie kwenye beseni la mayai. Maji ya bidoni yaliyotiwa klorini yalale wazi saa 24 yakipigwa mapovu. Sponji isioshwe bombani kamwe. Ikamue ndani ya ndoo ya maji yaleyale ya akwariumu.

Madume wakiota vidoadoa vyeupe kwenye mashavu na kumfukuza jike alfajiri, weka nyuzi za sufu ya plastiki. Mayai hunata humo; yatoe asubuhi hiyohiyo, maana wazazi huyala. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 22 huanguliwa baada ya siku 3 hadi 5. Yaliyogeuka meupe yaondoe kabla ukungu haujasambaa.

Wiki ya kwanza baada ya kuanguliwa punguza hewa, povu moja moja. Kidhibiti cha hewa cha plastiki cha seti hii ni dhaifu, hulegea chenyewe. Cha chuma ni bora. Kiini cha yai la kuchemsha wape vifaranga kidogo sana, kwa ncha ya kijiti, kwani mabaki yake ndiyo huziba sponji haraka kuliko kitu chochote.

Sponji ikielea, ibonyeze chini ya maji hadi mapovu yaishe, kisha ifunge kwenye kipande cha jiwe la lava kilichooshwa vizuri. Kinyonyi cha mpira kilichomo kwenye boksi, cha kuibandika filta, hakishiki.